Kulegea Si Tusi

Kateni kucha kwanza. Najua nyinyi mnaojifunza kazi hii mlitaka nianze na mambo makubwa, lakini nimewaona vijana wenye vyeti vya kujaza ukuta wakiingia chumba cha matibabu na kucha za kukwangulia sufuria, kisha wanashangaa kwa nini mgonjwa anajikunyata. Hakuna bega linalotulia chini ya kucha. Kateni, naweni, msugue viganja mpaka vipate moto, ndipo mmshike mtu. Mkono baridi humfanya mgonjwa akaze kila msuli alio nao, nawe utasema bega limekaza kumbe umelikaza mwenyewe.

Mimi ni Rukia. Umri wangu wote wa kazi niliutumia kutibu viungo kwa mikono, na mabega ndiyo niliyoyapenda zaidi, hasa ya watu wanaorusha: warusha mikuki, wachezaji wa mpira wa mikono, vijana wa kriketi. Sasa nimestaafu, nakaa Mishomoroni, na wajukuu wananiita wanaposikia shingo zao zikilia. Zamani watu walituita wakandaji wa serikali. Mwanzoni nilikuwa nikinuna. Baadaye nikaona kwamba mtu akija akitaka kukandwa, la maana ni kuwa amekuja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hao wahenga hawakufanya kazi yetu. Huku kwetu mgonjwa huulizwa uji, na bakuli, na amekalia kiti gani, na analala ubavu upi. Tena huulizwa kwa maneno yake, si kwa maneno ya kitabu. Nitawaeleza kwa nini, maana kuna binti mmoja wa Changamwe ambaye karibu apoteze mkono wake na riziki yake kwa sababu ya neno moja tu la Kiswahili. Lakini mnisubiri kidogo, nianze na aliyenifundisha.

Alikuwa Bwana Katana, Mgiriama mrefu, mkali kwa wanafunzi na mpole kwa wagonjwa. Mola amrehemu. Asubuhi moja alikuja kazini na mkono wa mbuzi alioununua kwa muuza nyama wa Kongowea, ameufunga kwenye gazeti. Sisi tukajua leo kuna pilau. Akauweka mezani, akatufunga macho kwa mitandio yetu wenyewe, akatuambia tupapase tumwonyeshe kombe linavyoteleza. Kombe ni ule mfupa mpana wa mgongoni, ndio unaobeba bega. Mwenzangu mmoja alipapasa weee, mwisho akasema, "Bwana Katana, mbuzi wako hana mtulinga." Mtulinga ni ule mfupa wa mbele, chini ya shingo.

"Kweli hana," akasema Bwana Katana. "Na kwa nini hana?"

Yule mwenzangu, macho bado yamefungwa, akajibu, "Labda kwa sababu harushi mawe."

Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia mlangoni. Bwana Katana hakucheka. Alisema hilo ndilo jibu bora alilopata tangu aanze kufundisha. Akachukua chungwa akaliweka juu ya kisahani cha finjani, akatuambia bega la mwanadamu ndilo hilo: linakwenda pande zote kwa sababu halijashikwa sana na mfupa, na kwa sababu hiyo hiyo linaanguka. Kinachozuia chungwa lisianguke ni nyuzi na misuli. Ukimtibu mtu anayerusha, kila siku unapima lipi limeshikwa mno na lipi limeachiliwa mno. Na pilau tulikula, wallahi.

Mnaniuliza sana habari za mashine. Tulikuwa nazo. Kulikuwa na moja ya mawimbi iliyokuwa ikinguruma, na wagonjwa waliipenda kwa sababu ya taa zake. Umeme ukikatika walikuwa wanaondoka, wanasema watarudi dawa ikirudi. Siikatai mashine. Nakataa ile tabia ya kumbandika mtu mashine, wewe ukaenda kunywa chai. Siku hizi mna simu inayoweza kumpiga picha mrushaji akaonekana polepole, kiwiko kilipo, goti lilipo. Hiyo naipenda. Mimi nililazimika kumwambia mtu arushe tena na tena mpaka jicho langu lielewe, na yeye akachoka kabla yangu.

Kuna na wale wanaotaka bega lialike. Mtu analala kitandani, anakungoja umpinde mpaka kiungo kitoe mlio, na kisipotoa anaondoka akisema hukumtibu. Kijana mmoja mrusha mpira wa kriketi aliniuliza, "Bi Rukia, mbona halijalia?" Nikamwambia mlango unaolia si lazima uwe umefunguka, pengine bawaba ndiyo inayokufa. Alifikiri kidogo, akalala tena. Msitafute mlio. Mlio si dawa.

Basi sikilizeni habari za mkono wa kurusha. Mlaze mtu chali, mkono utoke ubavuni, kiwiko ukikunje, halafu ugeuze kigasha, hapo kati ya kiwiko na kiganja, kuelekea nyuma kana kwamba anataka kurusha. Mkono wa mrushaji utakwenda nyuma zaidi ya mwenzake. Ukiugeuza mbele utakwama mapema. Usishtuke. Mkono huo umejizoesha hivyo tangu utotoni, na ukijilazimisha kuifanya mikono miwili ilingane, utaharibu kile kinachomfanya arushe. Jumlisha safari ya nyuma na ya mbele. Ikiwa jumla za mikono yote miwili zinakaribiana, mwache alivyo. Ikiwa mkono wa kurusha umepoteza mbele zaidi kuliko ulichochuma nyuma, hapo pana kazi yako.

Na kazi yenyewe ni hii. Sehemu ya nyuma ya bega ndiyo iliyokaza. Hapo unaruhusiwa kutia mkono: unachua ile misuli iliyoko juu ya kombe, kisha unausukuma mfupa wa mkono taratibu kuelekea kitandani, unangoja, unasukuma tena. Sehemu ya mbele mara nyingi imelegea. Hapo usivute, usipinde, usiguse ila kwa kuitegemeza. Bega moja huweza kukaza na kulegea kwa wakati mmoja. Asiyelijua hilo atavuta kila upande na kumwita mgonjwa mvivu asipopona.

Ninaposema kuwa neno huumiza, msidhani natania. Kulikuwa na mama mmoja wa Frere Town aliyeniletea mwanawe, mchezaji wa mpira wa mikono. Nilimpima, nikaona bega lenyewe zima, ila kombe limelala, halipandi pamoja na mkono. Nikamwambia mama, "Shida iko kwenye kombe. Kombe ndilo litakalomponya." Yule mama akanishika mikono yote miwili. "Hata mimi nimesema hivyo toka mwanzo!" Akaondoka na mwanawe, wasirudi tena. Baadaye nilikutana naye sokoni, akaniambia kwa uchungu kwamba mtoto ameshapelekwa kwa sheikh, amekunywa kombe, tena la zafarani nzuri, aya zimeandikwa sahani nzima na kukoshwa kwa marashi, na bado bega lamuuma.

Sikucheka mbele yake, na nyinyi msicheke. Dua haigombani na mazoezi. Nilimwambia, "Alhamdulillahi, mama, la kunywa ameshalipata. Sasa niletee lile la mgongoni." Tangu siku ile, kila nikitaja kombe, namgusa mtu hapo hapo kwa kidole. Nilidhani nimeshajifunza yote kuhusu maneno. Ndipo akaja Saumu.

Saumu alikuwa mrusha mkuki kutoka Chaani, kule Changamwe. Alikuwa amemaliza shule juzi tu. Babake alikuwa ameshafariki, na mamake, mwenyeji wa Likoni aliyeolewa Changamwe, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi mlangoni pake. Alama za mtihani hazikutosha kumpeleka chuo, wala hakuwa na mjomba wa kumtafutia kazi bandarini. Alikuwa na mkono wa kulia. Kikosi kimoja cha serikali kilikuwa kimetangaza majaribio ya warushaji. Watakaofaulu wangeajiriwa, wafanye kazi na kuchezea timu. Mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Wafula, alikuwa amempa nafasi kwenye kundi la kupeleka. Bega likaanza kumsumbua wakati huo huo.

Waliingia wote wawili, mama mbele. Tukaamkiana. Msichana akasema "Shikamoo, Bibi" kwa sauti isiyosikika. Sasa hapa nawaambia nyinyi, hasa wavulana: mwanamke wa pwani havuliwi nguo kwa amri. Mpe leso safi, geuka, mwache ajifunge mwenyewe chini ya kwapa, kisha muulize kama yuko tayari. Bega utalipata wazi, na heshima yake iko palepale. Akiona haya hawezi kulegeza msuli hata mmoja, na wewe utakuwa unapima haya zake.

Nilimlaza chali nikaupeleka mkono wake taratibu pale pa kurushia. Kabla haujafika, macho yalimtoka, akanidaka kwa mkono wa kushoto.

"Bibi, usinipeleke huko!"

Hakusema linauma. Alisema nisimpeleke huko. Mtu ambaye bega lake linataka kutoka hukwambia hivyo, na usipomtazama usoni hutaliona. Nikaweka kiganja changu mbele ya bega, nikakandamiza kidogo tu, nikaupeleka mkono tena. Uso ukatulia.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nenda popote utakapo."

Jibu nikawa nimelipata. Mbele pamelegea, nyuma pamekaza, na misuli inayolishika bega imechoka. Nikamwonyesha mazoezi. Nikamwambia mamake, "Mwambie mwalimu kwamba bega la mwanao limelegea. Asimrushishe mkuki mpaka nitakaposema." Mama alinitazama kidogo, akasema inshallah. Nikadhani anaogopa kwa ajili ya majaribio.

Waliporudi, hali ilikuwa imezidi. Saumu aliniambia bega sasa linataka kutoka hata akigeuka usingizini. Nilimpima, nikakuta mbele pamelegea kuliko mwanzo. Nikamkazia macho.

"Umerusha?"

"Wallahi sijarusha, Bibi. Hata jiwe. Mazoezi nafanya yote."

Nilimwamini, maana misuli ya nyuma ya bega ilikuwa imeanza kujibu, na misuli haisemi uongo. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine anayeligusa lile bega. Nikamuuliza uwanjani hufanya nini ikiwa harushi. "Mwalimu asema ninyooshwe tu," akasema. Nikavaa buibui langu nikaenda Changamwe mwenyewe.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya barabara ya malori, vumbi lake lina harufu ya mafuta. Nilimkuta Saumu amekaa chini, wasichana wawili wenzake wako nyuma yake, kila mmoja amemshika mkono, wanamvuta kuelekea nyuma kwa nguvu zao zote. Wengine wamesimama wanapiga makofi, "Kaza! Kaza, Saumu, kaza!" Na yeye amefumba macho, ameuma meno, anavumilia. Mwalimu Wafula ameshika simu anatazama jinsi wazungu wanavyofanya.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Mwacheni mtoto!"

Wakamwachia. Mwalimu Wafula alikuja mbio, ana adabu zake, akanisalimu kwanza. "Madam, hii tunamsaidia. Hajarusha hata siku moja, vile ulisema. Ni kunyoosha tu. Si bega imekaza?"

"Nani kakwambia limekaza?"

"Mama yake. Alikuja hapa mwenyewe akasema hospitali imesema bega imekaza."

Nilimtazama usoni nikaona hasemi uongo. Alikuwa amefanya kile ambacho mwalimu yeyote mwenye nia njema angefanya na bega lililokaza. Nikamwambia Saumu avae ushungi wake tukaenda Chaani kwa miguu, mimi mbele, kwa hasira.

Mama Saumu alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbaazi kwenye ungo. Aliniona uso wangu, akasita. Sikuzunguka.

"Mama Saumu, ulimwambia nini mwalimu?"

Akaendelea kuchambua. "Nilimwambia asirushe."

"Na bega? Ulisema lina nini?"

Kisha akausukuma ungo kando. "Bi Rukia, wewe ni mama kama mimi. Wataka nende uwanjani, mbele ya wanaume na watoto wa watu, niseme mwanangu kalegea? Msichana huyu, hana baba? Wakiniuliza kalegea wapi, nitawajibu nini? Kesho mtaa mzima wasema binti wa yule mama wa mahamri kalegea." Akamnyooshea Saumu kidole. "Mwanangu hajalegea hata siku moja. Alfajiri yuko macho, unga akanda yeye. Nikatafuta neno zuri. Nikasema limekaza. Si wao wenyewe humwambia kaza, kaza?"

Hasira yote ilinitoka. Nyinyi mliokulia huku mnajua alichosema. Kwetu msichana aliyelegea ni mvivu, au ni yule asiyeweza kujizuia, na neno hilo likimshika binti halimwachi mpaka aolewe. Mimi nilikuwa nikizungumza juu ya nyuzi za mbele ya bega. Yeye alisikia jina la mwanawe likitupwa jalalani. Husemwa ulimi hauna mfupa, lakini safari hii ulikuwa karibu umtoe mtu mfupa mahali pake.

Nilikaa chini pembeni yake. Nikachukua pindo la leso yake, lile lililofungwa fundo, nikalilegeza upande mmoja tu nikamwonyesha: kitambaa ni kile kile, hakikuchanika, hakikuchakaa, ila fundo limeachia upande huu na limebana upande ule. Ukivuta upande ulioachia, fundo lote linafunguka. Alitazama. Akatazama tena. Kisha akamgeukia Saumu, aliyekuwa amesimama kizingitini.

"Wakikuvuta wasikia nini?"

"Nasikia kama mkono watoka, mama."

"Na mbona hukusema?"

"Walisema nikaze."

Mama Saumu alijifunika uso kwa leso. Tukamwacha alie.

Siku iliyofuata alifunga biashara mapema tukaenda uwanjani pamoja. Sikumwomba. Alisimama mbele ya Mwalimu Wafula na wasichana wote, akasema kwa sauti ya mtu anayeuza mahamri, "Mwalimu, nilikupa neno lisilo. Bega la mwanangu limelegea. Ni bega lililolegea, si yeye. Na anayetaka kucheka acheke sasa, nimwone." Hakuna aliyecheka. Mwalimu Wafula akajikuna kichwa. "Kwani mama, bega imelegea na bega imekaza, hizo si ni kitu moja?" Nikamwambia, mwalimu, wewe kwanza jifunze kusema bega limelegea, usiseme imelegea, halafu tuendelee.

Lakini shida ilikuwa bado. Majina ya watakaokwenda yalikuwa karibu kupelekwa, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa bado miezi. Mwalimu alinivuta kando akaniambia ukweli: msichana asiporusha, nafasi yake atapewa mwingine, na yeye hawezi kuishikilia. Nami nikamwambia ukweli wangu: akirusha na bega lile, litatoka mbele ya wale maafisa, na hapo hataajiriwa na yeyote. Tulikuwa tunabishana juu ya mkono wa mtu ambaye alikuwa amesimama karibu anatusikia.

"Sirushi," Saumu akasema.

Sote tukageuka.

"Mpe nafasi mwingine, mwalimu. Nikipona, nitakuja kuinyang'anya."

Nilimpenda siku ile kama mwanangu. Kuna watu wanaodhani kukaza ni kuvumilia kila anachofanyiwa mtu. Yule binti alikaza pale aliposema hapana.

Basi tukaanza kazi. Mimi nilishughulikia nyuma ya bega kwa mikono, na nyumbani alilala ubavu wa kulia, mkono mbele, kiwiko kimekunjwa, anausukuma mkono kuelekea godoro polepole kwa mkono wa pili. Tulikata mpira wa ndani wa baiskeli, tukaufunga kwenye nondo ya dirisha, akawa anauvuta kwenda nje, kiwiko kimebanwa ubavuni na kitambaa kilichokunjwa. Msidharau hicho kitambaa. Kisipoanguka, msuli unaotakiwa ndio unaofanya kazi. Kikianguka, anadanganya.

Na kombe je? Kombe huimarishwa kwa kusukuma. Nikamuuliza mamake unga wa mahamri unakandwa wapi. Akasema mezani. Nikamwambia uwekwe kwenye sinia chini, Saumu apige magoti, akande kwa viganja viwili, viwiko vimenyooka, akisukuma mpaka mgongo wa juu upande. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kumbe mkandaji ni mwanangu!" Wateja wa Chaani walisema mahamri ya siku zile yalikuwa laini ajabu. Halafu miguu na kiuno, maana mkuki haurushwi na bega. Nguvu hutoka kisiginoni, hupita kiunoni, na bega huipokea tu na kuipitisha. Miguu ikiwa mivivu, bega hubeba mzigo usio wake.

Kuna siku alinijia amevimba kwa hasira. Yule msichana aliyepewa nafasi yake alikuwa amerusha vizuri sana, na uwanja mzima ulikuwa umepiga makofi. Saumu alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Bibi, mimi navuta mpira wa baiskeli. Wenzangu warusha mkuki." Sikumbembeleza. Nilimwambia alale chali, nikaupeleka mkono wake pale palipomtoa macho siku ya kwanza, bila kiganja changu mbele. Alisubiri aogope. Hakuogopa. Alikaa vile, mkono uko nyuma, machozi yanamshuka masikioni. Kisha akainuka akaufunga mpira wake kwenye mfuko, akaenda zake Changamwe.

Alianza kurusha kwa kusimama, halafu kwa hatua fupi, halafu kwa mbio. Mwalimu Wafula alikuwa akinitumia picha zake kwenye simu kila jioni, na kila jioni nilimjibu "bado". Alinichoka, maskini. Siku niliyomjibu "sasa", alinipigia simu kuhakikisha sikukosea.

Wiki ya kuondoka, Saumu na yule mwenzake walirusha mbele ya walimu wote, na mwalimu akalazimika kuomba nafasi ya pili, awapeleke wote wawili. Nami nilikwenda kwenye majaribio, nimejibanza kivulini pamoja na mama yake. Mrusho wa kwanza ulilala, haukufika popote. Mama akaanza kusoma dua. Wa pili ulikuwa mzuri, lakini si wa kuajiriwa. Wa tatu sikuutazama. Wengine wote waliangalia mkuki ulikoangukia, mimi niliangalia uso wake wakati mkono uko nyuma, nikaona umetulia. Ndipo niliposikia watu wakishangilia. Waliwachukua wote wawili.

Mama Saumu alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Nilifurahi kuliko siku nyingi nilizopata kufurahi katika kazi hii, na nilistaafu muda mfupi baadaye nikiwa sina deni na bega la mtu.

Nilifikiri habari imeishia hapo. Lakini mwaka jana, wakati wa joto, simu yangu ililia mchana. Alikuwa Saumu, yuko huko kambini, anahema vibaya sana. Nikashtuka, nikamuuliza kama bega limetoka.

"La, Bibi, nimetoka kukimbia uwanja. Nimepewa adhabu."

"Umefanya nini?"

Akaniambia kuna msichana mgeni, mrushaji kama yeye, kutoka bara mbali huko. Wamemkalisha chini wanamvuta mikono nyuma, na yule msichana ameuma meno, anavumilia. Saumu aliwaambia wamwachie. Wakamwambia arudi mahali pake. Akasimama katikati, akakataa kutoka. Mkubwa wao akamtia adhabu, akimbie kwenye jua mpaka aambiwe basi.

"Na walimvuta tena?" nikamuuliza.

"Hawajamvuta tena. Wameogopa nitasimama tena."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Nikamwambia apumzike, anywe maji, ajitazame mwenyewe kwanza, miguu itamuuma kesho.

"Miguu ni yangu, Bibi, itapoa," akasema, bado anahema. "Huyu mwenzangu yuko hapa mbele yangu, amelala chali. Hebu nambie nimfanyie nini."